Kabla Hujaandika "Wafinyanzi Waiomba Serikali"

Habari hii umeshaisoma, hata kama Kyela hujawahi kukanyaga. Huanza hivi: wanawake wajasiriamali wanaojishughulisha na ufinyanzi wa vyungu katika kijiji fulani wameiomba serikali iwatafutie soko la uhakika la bidhaa zao. Aya ya pili anazungumza mwenyekiti wa kikundi. Ya tatu ni ya afisa maendeleo ya jamii, anayesema halmashauri imejipanga. Ya mwisho inamtaja mgeni rasmi na kaulimbiu ya mwaka. Pichani mkuu wa wilaya ameshika chungu kwa mikono miwili, na mfinyanzi mwenyewe yuko nyuma ya bega la mkuu, uso umekatwa nusu.

Hakuna uongo ndani yake. Lakini aliyeisoma akiwa Mafinga au Makambako, naye anatafuta chungu cha kuchemshia maharage, akimaliza kusoma hajui aende wapi, siku gani, wala abebe shilingi ngapi. Mfinyanzi naye akisomewa hapati kitu. Kwamba soko linamsumbua alikuwa analijua kabla ya mwandishi kushuka kwenye bodaboda.

Nawaandikia ninyi mnaopeleka habari kutoka mikoani: wawakilishi wa magazeti Mbeya na Iringa, watangazaji wa redio za huku kwetu, wanafunzi wa uandishi, wahariri wa majarida ya dayosisi na vyuo, na kijana mwenye simu nzuri ambaye kijijini ndiye mwandishi bila kuajiriwa na mtu. Ombi langu ni moja. Mwandikeni mfinyanzi kama mnavyomwandika mkulima wa viazi wa Uporoto au mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, yaani mtu mwenye malighafi, gharama, hasara, wateja na washindani. Bei ya gunia la viazi tunaitangaza kila wiki. Bei ya chungu, waulize wenzako chumba cha habari, uone nani anaijua.

Mkifanya hivyo, utamaduni utaingia wenyewe, maana umo ndani ya kazi. Mkianza na utamaduni, kazi haitaingia kamwe.

Anzia Lyulilo

Wengi hungoja waalikwe kwenye tamasha. Usingoje. Tamasha la vyungu la Nyanda za Juu Kusini liko kila Jumamosi, halina jukwaa wala mgeni rasmi, na linaitwa soko. Liko Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu mashariki ya Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unapanda hadi Tukuyu, unashuka kuelekea Kyela, kisha unashika barabara ya Ipinda hadi Matema. Vyungu vyenyewe hufika kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone.

Ukisimama ufukweni Matema ukatazama upande wa Ikombe, utaelewa kwa nini ufinyanzi ulishamiri pale na si kwingine. Milima inashuka hadi ziwani. Ardhi tambarare ya kulima ni kidogo mno, tofauti kabisa na mabonde ya Wanyakyusa yenye mpunga, migomba na kokoa. Wakisi walikuwa na samaki na udongo. Nafaka walikuwa nayo wengine. Chungu kikawa njia ya kupata chakula. Wanaume wakavua, wanawake wakafinyanga, na vyungu vikasafiri kwa maji kwenda pande zote za ziwa hadi Malawi. Hii ni biashara ya kikanda yenye umri mkubwa kuliko mipaka ya nchi zenyewe, na mwandishi anayeiita "shughuli ndogo ndogo za akina mama" hajasimama pale ufukweni.

Nenda Ijumaa ulale Matema. Asubuhi uwe ufukweni mitumbwi inapofika, siyo saa nne wakati wanunuzi wakubwa wameshachagua. Angalia vyungu vimepangwaje ndani ya mtumbwi, vimetenganishwa kwa majani gani, nani anavishusha. Hesabu vilivyovunjika. Kisha msogelee mnunuzi, maana waandishi wote humkimbilia mfinyanzi na kumsahau yeye. Anatoka wapi? Anapeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya au mbali zaidi? Anauza kwa bei gani akifika? Mtu huyo ndiye "soko" ambalo kila habari inasema halipo. Lipo, lina jina na simu, na mara nyingi faida iko mkononi mwake.

Hapohapo jihadhari na mtego wa mipaka ya kiutawala. Wakisi hawaishi Kyela tu. Wako pia mwambao wa Ludewa na Makete. Wilaya hizo zilikuwa Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, kwa hiyo kitabu cha zamani kitakuambia vyungu hivi ni vya Iringa, cha sasa kitasema Njombe, na vyote viwili vina haki. Kadhalika upande wa Mbeya, ulimegwa mwaka 2016 kupata Songwe. Taja kijiji na wilaya, eleza mkoa wa wakati huo na wa leo, msomaji hatapotea.

Na usidhani unaanza upya. Tayari mwaka 1977 Mtanzania, mwanaakiolojia S. A. C. Waane, alichapisha utafiti juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe katika jarida la Baessler-Archiv la Berlin. Ukipata nakala kupitia maktaba ya chuo, nenda nayo Ikombe, wasomee wafinyanzi yale yaliyoandikwa, uwaulize kipi kimebadilika. Hiyo peke yake ni makala ya kurasa nne.

Ujue kazi kabla ya kuiuliza

Swali baya kuliko yote ni "Mama, hebu tueleze changamoto mnazokutana nazo." Ukiuliza changamoto utapewa changamoto, na zitakuwa zilezile tatu: mtaji, masoko, miundombinu. Mama wa watu amewapokea wageni wengi wenye madaftari na anajua wanachotaka kusikia. Muulize kuhusu udongo, uone anavyobadilika.

Udongo unachimbwa wapi? Shimo ni la nani? Anayetoka kijiji kingine anaruhusiwa kuchota? Anaubeba mwenyewe kichwani au analipa mtu? Anajuaje kwamba huu unafaa na ule haufai: kwa kuunusa, kuufinya, kuuonja? Kisha muulize anachanganya nini. Udongo wa mfinyanzi ukiwa mtupu una mnato mzuri, lakini ukikauka hunywea sana na kupasuka. Ndiyo maana wafinyanzi wengi huongeza mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vikasagwa, na wengine huchagua udongo ambao tayari una chengachenga ndani yake. Zile chenga hupunguza kunywea na huacha vijinjia vya unyevu kutoka. Chungu kilichokufa kinasagwa kinazaa kingine, na hilo ukiliona kwa macho huhitaji kulipamba.

Tazama mikono. Huku kwetu chungu hakisokotwi kwa gurudumu la mashine. Hufinyangwa kwa mkono na kuzungushwa taratibu juu ya kigae au majani. Vifaa ni kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la mhindi, kokoto laini la kusugulia hadi uso ung'ae. Mwombe akuoneshe hilo kokoto na uulize amelipata wapi. Sikuahidi kitu, lakini kama kuna hadithi ya mama mkwe, ya shangazi, ya mtu aliyemfundisha, itatokea hapo.

Halafu kukausha. Chungu kibichi huanikwa kivulini kwanza, kwa sababu jua kali hukausha nje wakati ndani bado kuna maji, na ufa huanzia hapo. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi mno nchini, hasa Aprili na Mei. Basi usimwulize mfinyanzi wa huko "mnatengeneza vyungu vingapi kwa mwezi" kana kwamba miezi ni sawa. Muulize Aprili anafanya nini, na Agosti anafanya nini. Kati ya majibu hayo mawili utapata kalenda nzima ya familia, ada za shule zikiwemo.

Kuchoma ndiko kwenye roho mkononi. Vyungu hupangwa uwanjani, hufunikwa kwa majani, kuni au magome, na kuwashwa moto wazi, bila tanuri. Joto la moto wa namna hiyo huwa kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Udongo ukivuka takriban nyuzi 500 hadi 600, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka na hauwezi tena kurudi kuwa tope, hata uuloweke mwaka mzima. Lakini kama chungu hakikukauka sawasawa, unyevu uliobaki hugeuka mvuke ghafla na kukipasua kwa kishindo. Ukiwa pale utausikia. Usikimbie kuandika "bahati mbaya"; muulize anadhani kosa lilikuwa kwenye kukausha, kwenye mchanganyiko au kwenye upepo. Atakujibu kama fundi, maana ni fundi.

Yale madoa meusi kwenye chungu chekundu nayo yana maelezo. Wekundu hutokana na chuma kilichomo udongoni kukutana na hewa ya kutosha motoni. Palipoguswa na kuni au majani hewa ilikosekana, moshi ukaingia, pakawa peusi. Mteja wa mjini hudhani ni uchafu na hudai punguzo. Sentensi mbili zako gazetini zinaweza kumwokolea mfinyanzi hilo punguzo, na hiyo ni huduma kubwa kuliko kumwombea serikali.

Mweleze msomaji pia namna ya kununua. Chungu kizima kikigongwa kwa kifundo cha kidole hulia; chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Mtungi wa maji unapoza kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo na kufika nje, yakigeuka mvuke huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni hautapoza tena. Kitako cha chungu cha kupikia ni cha mviringo ili moto uenee bila kukuta pembe ya kupasukia, na kwa sababu kinakaa juu ya mafiga matatu.

Hapo kwenye mafiga pana makala ambayo sijaiona ikiandikwa ipasavyo. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mteja wa Mwanjelwa au Kihesa anahamia kwenye jiko la gesi, ambalo chungu cha kitako cha mviringo hakitulii juu yake. Je, mfinyanzi wa Ikombe ameshaombwa kitako bapa? Amejaribu? Kilipasuka? Na kuni zake mwenyewe za kuchomea vyungu zinapatikana wapi, kwa gharama gani kulinganisha na zamani? Maswali hayo yanaunganisha sera ya Dodoma na kiganja cha mwanamke mmoja, na huhitaji kutoka nje ya wilaya kuyajibu.

Piga naye hesabu

Hesabu waandishi wengi huziogopa, na ndipo habari inapokufa. Keti na mfinyanzi, mpige hesabu ya mchomo mmoja, kwa sauti, ili arekebishe. Nitatoa mfano wa tarakimu za kubuni, kuonesha njia tu. Tuseme amechoma vyungu 30. Vinne vimepasuka motoni, viwili vimevunjika njiani, vimebaki 24. Akiuza kila kimoja Sh3,000 anapata Sh72,000. Ondoa kuni Sh12,000, nauli ya mtumbwi Sh6,000 na ushuru wa soko Sh1,000: zimebaki Sh53,000. Sasa uliza kazi yote, tangu kuchimba udongo hadi kurudi nyumbani, imekula siku ngapi. Kama ni siku kumi, ni Sh5,300 kwa siku, na bado hajamlipa mtoto aliyebeba maji.

Ukishapata tarakimu halisi, nenda kaulize bei ya chungu hichohicho sokoni Mbeya. Tofauti ndiyo habari. Huenda utagundua mnunuzi wa kati hanyonyi, anabeba hasara ya kuvunjika kwa barabara nzima. Huenda utagundua kinyume. Vyovyote, utakuwa umeandika kitu ambacho afisa biashara wa wilaya hana kwenye faili lake.

Suala la mikopo lina dawa hiyohiyo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Usiandike "akina mama wameomba mikopo". Uliza halmashauri vikundi vingapi vya wafinyanzi viliomba mwaka huu wa fedha, vingapi vilipata, shilingi ngapi, na waliokosa walikosa kwa sababu gani. Ukijibiwa "tunalifanyia kazi", andika kwamba umejibiwa hivyo, na tarehe.

Iringa, ambako vikapu vimefunika vyungu

Iringa ina darasa lake. Vikapu vya milulu vimeandikwa, vimepigwa picha, vimesafirishwa. Mtalii akisikia Iringa anawaza kikapu. Si kwamba wasusi ni hodari kuliko wafinyanzi. Kikapu ni chepesi, hakivunjiki, kinaingia kwenye begi la ndege. Chungu ni kizito na kinaogopa barabara. Mwandishi anayetaka kuwatetea wafinyanzi aanze na ukweli huo wa uzito, kisha aulize nini kifanyike: vyungu vidogo vya mche, vya mshumaa, vya mtindi? Vifungashio vya nini? Au soko la mgeni liachwe, nguvu iwekwe kwa mama lishe na hoteli za barabara kuu ya kwenda Zambia, ambao wanapika kila siku na wanavunja kila mwezi? Mimi naegemea hili la pili. Mgeni hununua kimoja kwa maisha yake yote.

Iringa pia ina mahali pa kuona namna kazi ya mikono inavyoelezwa vizuri. Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewapa kazi mafundi wenye ulemavu, na mgeni anaruhusiwa kuingia karakana kuona bidhaa zinavyotengenezwa. Usiende kuandika "walemavu wanaweza". Nenda ukaone maelezo ya bidhaa yanavyoandikwa, bei inavyowekwa wazi, mnunuzi anavyoelekezwa kwa aliyetengeneza. Uchukue mbinu hiyo uipeleke kwenye ukurasa wako.

Jengo la Boma, la enzi za Wajerumani, lilifunguliwa kama makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Ukiandika juu ya vyungu vya Wahehe au Wabena, pitia pale, kisha uende na picha ulizopiga kwa bibi anayefinyanga hadi leo, akutajie majina na kazi ya kila chombo. Nje ya mji, kwenye pango la Mlambalasi ambako Mkwawa alifia mwaka 1898, wanaakiolojia wamefukua pia vigae vya vyungu kutoka tabaka za Zama za Chuma. Waandishi wakifika Mlambalasi huandika Mkwawa tu, na ni haki yake. Lakini aliyepika kwenye vyungu vile hajapata hata aya moja.

Andika kabla ya maonesho

Sasa tuje kwenye maonesho yenyewe, maana huwezi kuyakwepa. Kanda yetu ina Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Iringa ina maonesho ya utalii ya Karibu Kusini. Tukuyu ina tamasha la ngoma za asili la Tulia. Kote huko utakuta banda la halmashauri lenye vyungu mezani, au mama mmoja ameketi anafinyanga huku watu wakimpiga picha.

Habari ya maonesho inayotoka baada ya maonesho inamfaa mwandaaji. Inayotoka kabla inamfaa mfinyanzi. Kiwanjani watu huja na pesa iliyopangiwa matumizi. Mtu akiwa amesoma wiki mbili nyuma kwamba vyungu vya Ikombe vitakuwepo banda fulani, kwa bei fulani, anakuja na kikapu na majani ya kufungia. Asiposoma, anapita, anasifu, anakwenda kununua ndoo.

Kuna sababu nyingine ya chumba cha habari. Wiki ya Nanenane kurasa zinajaa wakubwa. Mwaka 2022 kilele cha kitaifa kilifanyika Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku ya mbolea. Mwaka 2023 kilele kikarudi hapohapo. Siku kama hizo chungu hakina nafasi hata kikiwa cha dhahabu. Mpe mhariri makala yako katikati ya Julai, akiwa anatafuta cha kujazia ukurasa wa kati, na kiangazi kimeshawapa wafinyanzi akiba ya vyombo.

Ukiwa kiwanjani, uliza mambo ambayo hotuba haiyataji. Nani alichagua mfinyanzi wa kuja? Nauli na posho alilipa nani? Vyungu vilivyoko mezani ni vya kuuza au ni vya maonesho tu, vitarudishwa stoo ya halmashauri? Siku ya mwisho jioni, wakati wenzako wameshaondoka na msafara, rudi bandani uone vimebaki vingapi. Na ikiwa mama anayefinyanga mbele ya umati hatachoma kile anachofinyanga, sema hivyo. Umati unaodhani chungu hukamilika kwa nusu saa hautaelewa kamwe kwa nini kinauzwa bei ile.

Jina la aliyetengeneza

Makumbusho za Ulaya zimejaa vyungu vya Afrika vyenye kikaratasi cha kabila na mwaka, bila jina la mtu. Tunawalaumu, kisha na sisi tunaandika "mmoja wa wafinyanzi hao". Ladi Kwali wa Nigeria alikuwa mfinyanzi wa kijijini, alijifunza kwa shangazi yake, akifinyanga kwa mkono kama wa Ikombe. Alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, jina lake likaandikwa kwenye kazi zake na kwenye habari za kazi zake, na leo sura yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Mkenya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja miaka ya 1970 akajifunza kwa wanawake wale, na sasa ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimika kuliko wote duniani. Kipaji kilikuwepo, lakini pia kuna mtu aliandika jina.

Basi andika jina kamili, analolitaka yeye, kwa tahajia yake. Mwache alitamke mara mbili, umsomee ulivyoandika. Vilevile majina ya vyombo: chukua lile la Kikisi, Kinyakyusa au Kihehe, kisha eleza kwa Kiswahili ni chombo cha nini. Usikubali kila kitu kiitwe "chungu".

Namba ya simu ni jambo jingine. Inasaidia biashara na inaweza kuleta usumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa, na adabu ilidai hivyo kabla ya sheria. Mweleze kwamba gazeti litafika hata kwa watu asiowajua, halafu umwachie aamue. Wengine watapenda itumike namba ya kikundi, au ya kijana wa nyumbani anayepokea simu.

Kuhusu miiko, kwenye ufinyanzi ipo: nani asisogelee moto, siku gani udongo hauchimbwi. Ukiambiwa, andika kwa heshima na uulize sababu wanayoitoa wenyewe. Ukikatazwa kuandika, usiandike. Na usiifanye kichwa cha habari, labda kama unataka mwandishi anayekufuata afukuzwe.

Adabu ya kuingia nayo iwe ya hapo. Ukifika Kyela, "ugonile" yako, hata ikiwa ya kuvunjika, inafungua mlango. Iringa useme "kamwene". Kaa chini walipokaa, usihoji mtu mzima umesimama juu yake. Kama bibi haongei Kiswahili kwa raha, tafuta mkalimani, asiwe mwenyekiti wa kikundi, maana mwenyekiti hatafsiri, hujibu.

Picha: shuka chini usawa wa mikono, piga asubuhi au jioni, weka kitu cha kujulisha ukubwa, kiganja au kikombe. Redio ina bahati zaidi ya gazeti. Rekodi kokoto likisugua, moto ukishika majani, kifundo kikigonga chungu kizima na kile chenye ufa, umwache msikilizaji atofautishe mwenyewe.

Kichwa cha habari kisiwe "Mfinyanzi hulia gaeni". Methali ni nzuri, lakini imeshatumiwa na kila aliyewahi kuandika juu ya chungu, na mara nyingi hutumiwa bila kuangalia mfinyanzi anakula kwenye nini. Weka mahali na bei kwenye kichwa cha habari, msomaji atakuja.

Makala ikitoka, peleka nakala mbili, moja ya mfinyanzi na moja ya ofisi ya kijiji. Magazeti hayafiki Ikombe yenyewe, kwa hiyo mpe kondakta wa basi la Kyela au mnunuzi anayeshuka Lyulilo Jumamosi. Andika namba ya ukurasa kwa kalamu juu ya jalada, uache na namba yako, ili ukiwa umekosea bei mtu akupigie kabla ya soko la wiki ijayo.